Bunduki Moja kwa Msitu na kwa Shabaha: Habari za Mji wa Riihimäki Katika Nchi ya Ufini

Msafiri atokaye Helsinki, mji mkuu wa Ufini, akielekea kaskazini kwa gari la moshi, hufika Riihimäki kabla hajamaliza kusoma gazeti lake. Ni mwendo wa kilometa 70 hivi tu. Njia yenyewe ndiyo reli ya kwanza ya nchi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1862 kutoka Helsinki hadi Hämeenlinna. Na mwaka 1870 tawi lake la mashariki likafika Petersburg katika Urusi. Kwa hiyo Riihimäki ukawa njia panda ya reli, na penye njia panda watu huja, maduka huja, na viwanda navyo huja. Wenyeji wa mji huo hata leo hawatimii 30,000. Jina lake ni la kikulima kabisa: riihi ni nyumba ambamo wakulima wa zamani walikausha nafaka kwa joto la moto kabla ya kuipura, na mäki ni kilima.

Mgeni asiyejua habari zake angeweza kuupita mji huu bila kushuka. Hakuna ngome ya kale wala bandari, na misitu inayouzunguka ni ile ile ya misonobari na mibetula inayofunika karibu robo tatu ya nchi nzima. Lakini wawindaji na wapiga shabaha wa nchi nyingi hulijua jina la Riihimäki, kwa sababu hapo ndipo zinapotengenezwa bunduki za Sako na Tikka, ambazo sifa yake kubwa ni kwamba ni nyepesi begani na bado hupiga pale pale zilipoelekezwa. Mambo hayo mawili hayapatani kwa urahisi, na namna Wafini wanavyoyapatanisha inastahili kuelezwa.

Ufini ilijitangazia uhuru wake kutoka Urusi tarehe 6 Desemba 1917. Askari wa kujitolea wa nchi hiyo mpya, walioitwa Suojeluskunta, walikuwa na bunduki nyingi za Kirusi zilizoachwa nyuma, tena nyingi zilikuwa zimechakaa mitutu. Karakana ya kuzitengeneza ikaanzishwa Helsinki, ikapewa kujitegemea mwaka 1921, na mwaka 1927 ikahamia Riihimäki. Neno Sako limetokana na herufi za kwanza za jina lake refu. Mafundi wale hawakuunda bunduki mpya tangu mwanzo hata mwisho. Walichukua sanduku la chuma la bunduki ya Kirusi, wakalitia mtutu mpya ulionyoka, wakaweka shabaha za kulengea zilizo bora, na kukilainisha kifyatulio. Katika kazi hiyo ya kuchukua kitu cha mwingine na kukirekebisha mpaka kikawa bora kuliko alivyokiacha mwenyewe, walijifunza somo ambalo wengine hawakulijua: usahihi wa bunduki hutoka kwanza katika mtutu, na katika namna mtutu huo unavyokaa katika mbao.

Mmoja wa watu waliobeba bunduki za namna hiyo alikuwa mkulima na mwindaji wa Rautjärvi, Simo Häyhä, aliyezaliwa mwaka 1905. Kabla ya vita alikuwa akishinda vikombe katika mashindano ya shabaha ya Suojeluskunta. Katika Vita vya Majira ya Baridi vya mwaka 1939 na 1940 alijulikana kote duniani kwa shabaha yake, mpaka alipojeruhiwa vibaya taya mnamo Machi 1940. Alipona, akarudi shambani, akawa mwindaji na mfugaji wa mbwa, akafariki mwaka 2002. Alikuwa mtu mfupi, kimo chake kama sentimeta 160 tu, na bunduki yake ilizidi kilo 4. Hakutumia darubini; alipenda shabaha za chuma, maana aliyetumia darubini ililazimu ainue kichwa zaidi. Hapa mtu aliijua bunduki yake na mwili wake, akachagua kwa kuviangalia vyote viwili.

Baada ya vita Suojeluskunta ikavunjwa, na ili kiwanda kisichukuliwe kuwa sehemu ya malipo ya vita, kilikabidhiwa kwa Msalaba Mwekundu wa Ufini. Wakati ule Ufini haikuwa na haja ya bunduki za askari. Ilikuwa na haja ya vitu vya kuuza nchi za nje, na watu wake wengi walikuwa wawindaji. Sako wakatoa bunduki ndogo iliyoitwa L46, nyembamba, nyepesi, yenye risasi ndogo ziendazo kasi. Kaskazini zaidi, karibu na Jyväskylä, palikuwa na kiwanda kingine katika Tikkakoski, kilichoanza mwaka 1893, ambacho pamoja na silaha kilitengeneza cherehani. Tikka kwa Kifini ni ndege kigogota. Viwanda hivyo viwili viliungana mwaka 1983, na baadaye kazi ya Tikka ikahamishiwa Riihimäki. Tangu mwaka 2000 mali yote hiyo ni ya nyumba ya Beretta ya Italia, ila mafundi na mashine zimebaki palepale penye njia panda.

Ili kufahamu kwa nini uzito una maana kubwa, yafaa kumfuata mwindaji wa Kifini wakati wa theluji. Anamwinda metso, ndege mkubwa mweusi wa jamii ya kwale, ambaye dume lake hufika kilo 4. Asubuhi ya baridi kali ndege huyo hupanda kileleni mwa msonobari kula majani yake, na kutoka huko huona kila kitu kinachosogea. Mwindaji huvaa nguo nyeupe, huteleza polepole juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, na hujificha nyuma ya kila mti. Mara nyingi hawezi kukaribia zaidi ya meta 100 au 150. Hapo sehemu ya kupigwa haizidi kiganja cha mkono, na risasi ikipita vibaya nyama yote huharibika, au ndege huruka na jeraha akafie mahali asipopatikana. Mwindaji ameteleza kilometa 10 au 15, moyo unadunda, vidole vimekufa ganzi. Ana risasi moja.

Mtu huyu anahitaji bunduki ya namna gani? Akibeba ile nzito ya mashindano, yenye mtutu mnene kama mpini wa shoka, atafika chini ya mti mikono ikitetemeka kwa uchovu. Akibeba iliyo nyepesi kupita kiasi, haitatulia mikononi mwake. Kila pigo la moyo litaonekana kwenye darubini. Wafini walijaribu huku na huku kwa miaka mingi, na jibu lao la kawaida ni bunduki ya komeo yenye uzito wa karibu kilo 3 kabla ya kufungwa darubini.

Bunduki ya komeo ni ile ambayo mpigaji mwenyewe huinua na kuvuta komeo la chuma, likatoa ganda tupu, kisha hulisukuma mbele likaingiza risasi nyingine na kufunga kabisa. Haina haraka kama zile zijipakiazo zenyewe, lakini ina vipande vichache visogeavyo wakati risasi inapotoka, na kwa hiyo hurudia jambo lile lile kila mara. Uchache huo wa vipande ndio unaoiruhusu kuwa nyepesi bila kupoteza usahihi. Katika Tikka komeo lina meno mawili ya kufungia na huinuliwa kwa nyuzi 70. Katika Sako za siku hizi meno ni matatu, na mkono huinuka pungufu kuliko ulivyoinuka katika bunduki za kale, zilizotaka nyuzi 90. Huenda mtu akaona kwamba hayo ni mambo madogo. Lakini mwenye glavu nene, amelala kifudifudi thelujini na darubini iko juu kidogo tu ya komeo, huyaona kuwa makubwa.

Mtutu wenyewe hutengenezwa kwa kupondwa. Kipande cha chuma kilichotobolewa huvishwa juu ya mwamba mgumu wenye mifuo iliyochongwa kinyume, kisha nyundo za mashine hukigonga kutoka pande zote, bila moto, mpaka chuma kirefuke na mifuo iingie ndani yake. Mifuo hiyo huizungusha risasi ili iende sawa. Kwa risasi ndefu za milimeta 6.5 zinazopendwa sana katika nchi za kaskazini, mfuo huzunguka mara moja katika kila inchi 8. Mtutu ukishafungwa kwenye sanduku la chuma, hauguswi na mbao za mbele hata kidogo. Karatasi huweza kupitishwa kati yake na kitako mpaka karibu na chumba cha risasi. Mtutu mwembamba ambao haukuguswa na kitu hutikisika kwa namna moja kila risasi itokapo. Ukiguswa, au mbao ikivimba kwa unyevu na kuusukuma, kila siku huwa na shabaha yake. Ndiyo maana bunduki nyingi nyepesi siku hizi zina kitako cha plastiki. Wazee hawakipendi kwa sura, na kweli hakina sura, lakini hakivimbi.

Tikka huuzwa kwa ahadi kwamba risasi tatu zikipigwa kwa utulivu meta 100 zitaangukia ndani ya duara lisilozidi milimeta 30 hivi, upana wa sarafu kubwa. Sasa msomaji alinganishe jambo hilo na sheria ya nchi. Katika Ufini hakuna anayeruhusiwa kumwinda hirvi kwa bunduki yake mpaka ashinde mtihani wa kupiga, na cheti chake hudumu miaka mitatu tu. Shabaha ni picha ya mnyama iliyo umbali wa meta 75, na risasi zote zinazohesabiwa lazima ziingie katika duara lenye upana wa sentimeta 23. Ni kama sahani ya chakula. Kwa umbali huo bunduki yenyewe ingeweza kuziweka risasi katika duara la sentimeta 2 na kidogo. Yaani bunduki ya dukani, iliyo nyepesi na ya bei ya wastani, ni bora mara kumi kuliko mtihani unavyotaka. Na bado kila mwaka wako wanaoshindwa. Sentimeta zile nyingine zote ni za mtu: pumzi yake, kidole chake, na woga wake wa teke.

Teke hilo ndilo deni linalolipwa na mwenye bunduki nyepesi. Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma, na hakuna fundi awezaye kuizuia kanuni hiyo. Kwa risasi ile ile, bunduki ya kilo 3 humpiga mtu begani kwa nguvu iliyozidi kwa nusu nguvu ya bunduki ya kilo 4 na nusu. Mtu akipigwa hivyo mara kumi au ishirini huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na wala hajui kwamba anafumba. Tena mtutu mwembamba hupata moto upesi, na ukiwa na moto risasi huanza kutawanyika. Kwa mwindaji si neno: yeye hupiga risasi moja au mbili kutoka mtutu baridi, na anachotaka kujua ni mahali inapopiga ile ya kwanza. Kwa mshindani ni neno kubwa, maana yeye hupiga kumi, kumi na tano, moja baada ya nyingine.

Na Mfini mara nyingi ni vyote viwili. Hirvi, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu wa Ulaya, ambaye dume lake laweza kulingana na pofu mwenye kilo 500, huwindwa na vyama vya vijiji wakati wa majani kupukutika, wawindaji wakiwa wamevaa rangi ya machungwa na mbwa wakibweka mbele. Makumi ya maelfu ya wanyama hao huuawa kila mwaka kwa vibali vya serikali, kwa kuwa wakizidi huharibu miche ya misitu na huleta ajali barabarani. Baada ya msimu, watu wale wale hukutana uwanjani kushindana. Pana shabaha ya hirvi wa ubao anayekimbia juu ya reli umbali wa meta 100. Pana mashindano yaitwayo hirvenhiihto, ambamo washindani huteleza juu ya theluji, hukisia umbali wa vitu vilivyowekwa msituni, na kupiga picha ya hirvi; wakati wa kiangazi hufanya vivyo hivyo kwa kukimbia. Siku hizi yako pia mashindano ya kupiga vibao vya chuma vilivyo mbali, meta mia kadha wa kadha, mpigaji akiegemea kuta, magurudumu na ngazi.

Mwenye fedha hununua bunduki mbili. Asiye nazo, ambaye ndiye mtu wa kawaida, hutafuta moja, na kibali chenyewe hutolewa na polisi kwa kila bunduki baada ya mwombaji kueleza ataitumia kwa kazi gani. Mwaka 2020 Sako walitoa S20, bunduki iliyokusudiwa mtu wa namna hiyo. Uti wake ni wa alumini, na juu ya uti huo huvishwa ama kitako cha mwindaji, chenye tundu la kupitishia kidole gumba, ama kitako cha mshindani ambacho shavu lake hupandishwa na kushushwa. Ni wazo zuri. Hata hivyo pamoja na darubini na kizuia sauti, ambacho wawindaji wengi wa huko hukitumia ili kuokoa masikio yao na ya mbwa wao, uzito huanza kukaribia kilo 5, na mwenye kumfuata metso thelujini ataukumbuka kila kilima. Wengine kwa hiyo huchagua njia ya katikati kwa upande mwingine: Tikka yenye mtutu mfupi wa inchi 20 ulio mnene kidogo kuliko wa kawaida. Mfupi haukwami matawini; mnene hauchoki upesi uwanjani. Kwa mtu mwenye bunduki moja, hiyo yaelekea kuwa hesabu nzuri kuliko kutafuta iliyo nyepesi kuliko zote katika orodha ya duka.

Aina ya risasi nayo huamua mambo. Sheria yataka risasi ya hirvi iwe na gramu 9 au zaidi na nguvu ya jouli 2,700 ikifika meta 100. Lakini ikiwa na gramu 10 au zaidi, jouli 2,000 zatosha. Kwa kanuni hiyo risasi ya milimeta 6.5, iliyopatanwa na Uswidi na Norwe mwaka 1894, inaruhusiwa bado kumwangusha mnyama mkubwa kuliko ng'ombe, na teke lake ni la kustahimilika hata katika bunduki ya kilo 3. Hutumiwa na vijana, na wazee, na mabingwa wa shabaha. Wapendao makubwa huidharau, kisha wengi wao hurudi kwake mabega yakiwachoka.

Katika duka muuzaji mwenye busara haanzi na bei wala darubini. Humwambia mteja afumbe macho, aiinue bunduki begani kama anavyoinua siku zote, kisha afumbue. Jicho likiwa katikati ya darubini bila shingo kunyooshwa, kitako kimemfaa. Likiwa chini au pembeni, hutafutwa kingine, au huongezwa kipande cha nyuma kwa mwenye mikono mirefu, au hupunguzwa kwa wanawake na vijana. Baada ya hapo humwuliza amebakiza fedha kiasi gani za risasi za mazoezi. Yule aliyemaliza fedha zote kwa bunduki ya thamani, akabaki na pakiti moja, ndiye ambaye mwezi wa Oktoba humpiga hirvi tumboni, na kijiji kizima hukesha na mbwa na taa kumtafuta mnyama anayeteseka kinamasini. Katika vyama vya vijiji jambo hilo halisahauliwi upesi.

Wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa wanyama kwa ajili ya michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, hawatakuwa na haja ya hirvi wala metso. Upigaji wa shabaha hata hivyo ungaliko, na hesabu ya uzito na teke ni ile ile Riihimäki na Nairobi. Atakayebahatika kufika huko apate saa moja ya kwenda kwenye Jumba la Makumbusho ya Uwindaji la Ufini, lililo katika eneo la kiwanda cha zamani cha vioo, jirani na Makumbusho ya Vioo. Humo zimewekwa bunduki za vizazi vyote, na ni rahisi kuona kwa macho jinsi vitako vilivyobadilika na mitutu ilivyopungua urefu.

Jioni, mwindaji akirudi kutoka msituni kwenye baridi iliyogandisha maziwa, haiingizi bunduki yake karibu na jiko. Chuma baridi kikiingia kwenye joto hutoa jasho, na jasho hilo likiganda asubuhi ndani ya komeo, bunduki haifyatuki. Huitoa komeo, huiacha bunduki kwenye chumba cha nje kisicho na moto, ndani ya kabati lenye kufuli, na komeo huliweka mahali pengine. Kisha huingia ndani kula.